Jasi ikilowa inalegea, tuiongezee nini? Maswali yenu kwa fundi

Meseji za mwezi huu zimeangukia sehemu moja, jasi. Wengine mmeandika jipsamu, wengine plasta, mmoja kaandika "ule unga mweupe wa dari", yote sawa tu, tunaelewana. Na karibu kila mtu anataka kujua kitu kilekile, atie nini kwenye jasi ili maji yasiimalize. Nimechukua maswali sita. La simenti nimelijibu kirefu kuliko mengine maana hilo ndo linaangusha watu wengi, na mimi lishaniangusha, kwa hiyo ukiona jibu lako fupi usidhani nimekudharau.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mi namimina mapambo ya dari na ya ukutani kwenye kalibu, jasi tupu na maji basi. Yakikauka ni magumu kabisa, ukigonga yanalia kama kigae, lakini paa likivuja kidogo tu pambo linakuwa laini unalichimba kwa kucha. Likikauka tena linakaza ila si kama mwanzo. Nimeuziwa jasi mbovu au?

JIBU: Hujauziwa mbovu ndugu yangu, jasi ndo ilivyo. Jiwe la jasi lina maji ndani yake, sisemi maji ya kulowa, nasema maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zenyewe (zile chembe zilizojipanga kama za chumvi), karibu asilimia 21 ya uzito wa jiwe. Kiwandani wanalichoma kwenye digrii 120 mpaka 180 hivi, robo tatu ya yale maji inatoka, wanasaga, unapata huo unga. Wewe ukitia maji unalirudishia jiwe maji yake, yani unalijenga upya ndani ya kalibu, na ule uvuguvugu unaousikia mkononi wakati linakaza ndo dalili ya hiyo kazi.

Sasa shika hesabu hii maana kila kitu kinaanzia hapa. Kilo moja ya unga inataka kama gramu 186 tu za maji ili igeuke jiwe. Lakini ukitia gramu 186 hupati kitu cha kumimina, unapata tope kavu, kwa hiyo kwa jasi ya kawaida unatia gramu 600, wengine mpaka 800. Yaliyozidi hayana kazi, yanakaa humo, baadaye yanakauka yanaondoka na pale yalipokuwa panabaki vitundu. Pambo lako linaloonekana zito na limejaa, ndani ni vitundu vitupu na fuwele nyembamba kama sindano zilizorundikana ovyo zikashikana pale zinapogusana.

Na jasi inayeyuka kwenye maji, si sana, gramu 2 na ushee kwa lita moja, ila inatosha kabisa kwa sababu maji yakishaingia kwenye vitundu yanaanza kula palepale sindano zinaposhikana. Sindano zenyewe bado zipo, kilichoachia ni vifundo. Ndo maana likikauka linarudi ugumu, na ndo maana halirudi lote.

Jaribu hivi upate picha: mimina vipande viwili vidogo vya unene wa kidole, vikaushe siku kadhaa mpaka visiwe na ubaridi ukivigusa shavuni, kimoja kiache kwenye maji usiku kucha, asubuhi chukua msumari uchore vyote viwili kwa mkono uleule. Kwenye kikavu msumari unateleza unaacha mstari mweupe mwembamba. Kwenye kilicholowa unazama kama kwenye sabuni iliyosahaulika bafuni. Maabara wanafanya jambo hilohilo kwa mashine, wanavunja kilicholowa na kikavu, wanagawanya nguvu ya cha kwanza kwa ya cha pili. Jasi tupu kawaida inatoa kitu kama 0.3 mpaka 0.45, yani ikilowa imepoteza zaidi ya nusu, na kitu kinahesabiwa kuwa kinavumilia maji kikianzia 0.8. Kumbuka hiyo 0.8.

Kabla hujakimbilia viongezeo anza na maji. Kila gramu ya maji usiyoitia ni kitundu ambacho hakitakuwepo. Ipo pia jasi inayochomwa kwa mvuke wenye presha, inaitwa alfa, fuwele zake nene zaidi kwa hiyo inamiminika na maji gramu 350 mpaka 450 tu kwa kilo, ni ngumu kuliko hii ya kawaida kwa mbali, ila nayo ikilowa inalegea. Na kupaka rangi ya mafuta kwa mbele, samahani kwa wanaofanya hivo, kunaziba upande ambao maji hayapiti, maji ya paa yanakuja kwa nyuma.

SWALI: Fundi shikamoo. Niliona simenti haiogopi maji nikasema basi nichanganye, jasi ndoo moja simenti ndoo moja, nikapiga ukuta wa bafu. Wiki ya kwanza watu walinisifia, ilikuwa jiwe. Baada ya miezi miwili hivi ikaanza kuvimba, ikatoa nyufa kama utando wa buibui, sasa hivi inabanduka vipande. Mwenye nyumba anasema simenti ilikuwa feki. Ilikuwa feki kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Simenti yako ilikuwa nzima tu, tena pengine ingekuwa feki mngepona.

Nikwambie nami yangu. Miaka ile naanza kazi nilimimina vigae vya ukutani kwa mchanganyiko kama wako, nikavipanga kwa kusimama kwenye chumba chenye unyevu, nikajiona nimegundua kitu. Siku moja naingia nakuta kimoja kimejikunja, unaona kabisa kimepinda kama ubao uliolala juani, nikakishika kikaachia mkononi mwangu, ndani kilikuwa na poda nyeupe laini. Nililaumu kila mtu, aliyeniuzia jasi, aliyeniuzia simenti, mpaka maji ya kisima. Kosa lilikuwa langu.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya simenti kuna madini yenye alumini. Yakikutana na jasi, chokaa na maji, vyote kwa pamoja, yanazaa fuwele inayoitwa etringaiti. Hiyo fuwele ni mnywaji wa maji hujawahi kuona, kila chembe yake inafunga chembe 32 za maji, kwa hiyo inachukua nafasi kubwa kuliko vitu vilivyoizaa. Ikizaliwa mapema wakati uji bado laini haina ubaya, inajisukumia nafasi yake maisha yanaendelea. Ubaya ni ikizaliwa baadaye, ukuta umeshakaza, haina pa kwenda, inasukuma kutokea ndani. Na wewe umeiweka bafuni ambako maji hayakatiki, umeilisha kila siku. Kwenye ubaridi kuna ndugu yake mwingine, taumasaiti, huyo hasukumi sana, anageuza kitu kizima kuwa kama uji.

Najua utauliza, mbona simenti yenyewe ya mfukoni ina jasi? Ni kweli, inatiwa wakati wa kusaga, asilimia 3 mpaka 5 hivi, bila hiyo simenti ingekaza ghafla kabla hujashika mwiko. Lakini ni kidogo, inaisha mapema wakati zege bado changa. Wewe umetia nusu nzima. Jasi haiishi, chokaa ambayo simenti inaitema wakati inakaza nayo ipo kibao, kwa hiyo kiwanda cha etringaiti kinafanya kazi miezi na miezi.

Sasa usikate tamaa maana mchanganyiko wa jasi na simenti upo na unafanya kazi, ila ni wa watu watatu, si wawili. Wa tatu ni pozolana. Hilo ni jina la unga wowote wenye silika (madini kama ya mchanga) iliyo hai, yani iliyo tayari kuungana na chokaa, wenyewe hauna uwezo wa kukaza lakini ukikutana na chokaa na maji unakaza. Jina limetoka Pozzuoli, mji karibu na Naples huko Italia ambako Warumi walichimba majivu ya volkano wakatia kwenye chokaa yao. Kazi ya pozolana kwenye mchanganyiko wako ni kumnyang'anya etringaiti chakula: inakula ile chokaa inayotemwa na simenti, inaigeuza kuwa gundi ngumu isiyoyeyuka, ileile inayoipa simenti nguvu. Chokaa ikipungua kwenye maji ya ndani, etringaiti ya kuchelewa haipati mazingira ya kuzaliwa. Unapata faida mbili kwa mpigo, nyufa hazitokei na vitundu vinaanza kuzibwa na kitu ambacho maji hayakiyeyushi.

Hii si mambo ya kubahatisha, ilishafanyiwa kazi muda mrefu. Katika Umoja wa Kisovieti, kuanzia miaka ya 1950, mtafiti A. V. Volzhensky na wenzake ndo walioupanga mchanganyiko huo wa jasi, simenti na pozolana, na ulitumika hata kumimina vyumba vizima vya bafu kiwandani vikapelekwa kupachikwa kwenye majengo. Vipimo vyake kwa uzito vinacheza hapa: jasi 50 mpaka 75, simenti 15 mpaka 25, pozolana 10 mpaka 25, jumla 100. Ukipiga vizuri ile namba yetu ya kulowa inapanda mpaka kwenye 0.6 na 0.8, wengine wanaipita.

Lakini vipimo hivo vinacheza kwa sababu pozolana hazifanani, moja inakula chokaa kama nzige, nyingine inaonja tu. Volzhensky na wenzake hawakuamini macho, walikoroga mchanganyiko kwenye maji mengi, wakapima chokaa iliyobaki humo: siku ya 5 isizidi gramu 1.1 kwa lita, siku ya 7 isizidi 0.85. Ikizidi unaongeza pozolana, unapima tena. Kama una maabara ya kukusaidia omba wakupimie hicho. Kama huna, mimina vijiti virefu vyembamba, urefu wa shubiri, vitie kwenye mfuko wenye unyevu miezi mitatu, vipime urefu kila wiki kwa rula nzuri. Kikirefuka au kikipinda usipeleke mchanganyiko huo kwa mtu. Miezi mitatu ni mingi najua, ila wewe mwenyewe umeona ukuta unavyosubiri miezi miwili ndo useme.

Jambo la mwisho kwako, na hili wengi hawalijui: jasi na simenti zinataka malezi tofauti. Jasi ikishakaza inataka kukauka haraka, ukiikausha inapanda nguvu. Simenti na pozolana zinataka unyevu wiki kadhaa, ukizikausha zinasimama njiani. Kwenye mchanganyiko wa watatu fuata simenti. Jasi itakupa uwezo wa kutoa kwenye kalibu baada ya muda mfupi, lakini ukishatoa usianike juani, funika na nailoni, weka unyevu siku 7 angalau, ukiweza zaidi fanya zaidi, ndo uikaushe taratibu. Ukianika mapema ujue pozolana umeitia bure, imekaa humo kama mchanga. Ule ukuta wako wa bafu bandua wote mpaka kwenye tofali, usipige juu yake, kilichobaki humo bado kinaendelea kuzaa.

SWALI: Naomba kujua, hiyo pozolana tunaipata wapi sisi watu wa kawaida? Nimesikia majivu yoyote yanafaa.

JIBU: Majivu yoyote hapana. Majivu ya kuni za jikoni yana chumvi nyingi zinazoyeyuka, ukitia kwenye jasi zinatoka juu kama ukungu mweupe na zinavuruga muda wa kukaza.

Ninayoyapenda mimi ni majivu ya pumba za mpunga. Pumba zikiungua zinaacha majivu kama asilimia 20 ya uzito wake, na majivu hayo kwa sehemu kubwa sana ni silika. Siri ipo kwenye moto. Zikiungua taratibu chini ya digrii 700 hivi silika inabaki hai, inakula chokaa vizuri. Ukizichoma kwa moto mkali muda mrefu silika inajipanga inakuwa fuwele, imelala, haili tena. Na zikiungua nusunusu zikabaki nyeusi, hiyo nyeusi ni kaboni, inanyonya maji, utajikuta unaongeza maji kwenye ndoo na tumeshasema maji yanafanya nini. Unatafuta rangi ya kijivu cheupe. Alafu lazima yasagwe, na hapa sibembelezi, yakiwa machengemachenge hayafai, yawe laini kama simenti, ukiyasugua katikati ya vidole usisikie mikwaruzo.

Vumbi la tofali za kuchoma nalo linafaa, ni la kale sana, Warumi walisaga vigae na vyungu vilivyovunjika. Chukua tofali zilizochomwa kwa moto wa wastani, zile zilizoiva mpaka zikang'aa kama kioo zimeshalala. Kuna na kaolini, ule udongo mweupe, ukichomwa kwenye digrii 600 mpaka 800 unakuwa metakaolini, huyo ana nguvu kuliko wote niliowataja, ila ana alumini nyingi na alumini ndo chakula kingine cha etringaiti, kwa hiyo usimjaze kwa imani, anza na kidogo, pima vijiti vyako. Majivu ya volkano yanafaa pia yakisagwa, ingawa yanatofautiana sana kutoka shimo moja mpaka lingine.

Njia ya kujua kama ulichonacho ni pozolana au ni vumbi tu: chukua chokaa iliyozimwa (ile iliyochomwa ikatiwa maji) sehemu moja, unga wako sehemu mbili kwa uzito, maji kidogo mpaka uweze kufinyanga, tengeneza vidonge vitatu vinne, vifunge kwenye mfuko wa nailoni visikauke, uviache wiki mbili sehemu yenye joto. Vitoe, vitumbukize kwenye glasi ya maji. Kidonge cha vumbi kinaanza kutoa mawingu palepale na baada ya nusu saa kimelala chini ya glasi kama tope. Kidonge cha pozolana nzuri kinakaa, maji yanabaki safi, kesho yake unakitoa ukikibana kwa kidole gumba hakiachii. Mi nikipata unga mpya wowote naanza na glasi.

SWALI: Unga wa mawe ya chokaa (ule wa kusagwa, haujachomwa) ukitia kwenye jasi unaongeza nguvu?

JIBU: Hauongezi, unajaza. Haukazi wala hauli chokaa. Ukitia kidogo, laini sana, uso wa kazi unakuwa mzuri na mwiko unateleza, na unapunguza jasi unayotumia. Ukizidisha unapunguza nguvu, basi. Kwenye maji hausaidii kitu. Vumbi la marumaru jibu ni hilohilo.

SWALI: Kaka jasi yangu inakaza haraka mno, nikikoroga ndoo nusu inanifia mkononi. Kuna jamaa kaniambia nitie chokaa, mwingine limao, mwingine anasema nikoroge tena na maji inalainika. Nimshike nani?

JIBU: Wa tatu mkimbie. Jasi iliyoanza kukaza ukiivunja kwa maji mapya inalainika kweli, lakini umekata sindano zilizokuwa zinashikana, hazishikani tena, utapiga ukuta wa chaki.

Kabla ya yote angalia ndoo yako. Nina hakika ina makoko ya jasi ya jana pembeni. Makoko yale ni mbegu, kila chembe ya jasi iliyokaza ni mahali ambapo fuwele mpya zinaanza kujengea, kwa hiyo ndoo chafu inaharakisha kuliko kitu chochote, kiasi kwamba viwandani wakitaka ikaze haraka wanatia kwa makusudi jasi mbichi iliyosagwa. Tumia ndoo ya mpira, ikikauka ikunje makoko yote yanadondoka. Kwanza tia maji ndo utie unga, unaunyunyiza juu unaacha unywe wenyewe dakika moja hivi, alafu unakoroga bila fujo. Kukoroga sana nako kunaharakisha.

Wa limao ana hoja, kinachofanya kazi ndani ya limao ni asidi ya sitriki, ila limao huwezi kulipima. Nunua asidi yenyewe ya unga, anza na nusu gramu kwa kilo ya jasi, iyeyushe kwenye maji kwanza. Ukifika gramu moja tayari ni nyingi kwa kazi nyingi, na ukizidisha nguvu inashuka. Iyeyushe kwenye maji narudia, usitie kwenye unga mkavu, utapata sehemu iliyokaza na sehemu inayotiririka ndani ya ndoo moja.

Wa chokaa naye hajakosea sana. Chokaa iliyozimwa asilimia 5 hivi inafanya uji uwe laini, unashika ukuta vizuri, na kwenye aina nyingi za jasi inachelewesha kidogo. Lakini angalizo, chokaa inaua makali ya asidi, ukitia vyote viwili asidi ya sitriki haitakupa muda uliozoea, kwa hiyo chagua mmoja au jaribu kwanza kwenye kikombe na saa mkononi. Na vaa miwani, chokaa ikiingia jichoni si mchezo.

SWALI: Shikamoo mzee. Nafunga bodi na mapambo ya jasi kwa misumari na waya, baada ya muda naona madoa ya kutu yanapenya kwenye rangi nyeupe. Kwenye zege chuma hakinisumbui hivi. Kuna unga wa kutia ukaondoa hili?

JIBU: Marahaba. Zege linalinda chuma kwa sababu ni kali (ukali wa chokaa, si wa asidi), lina chokaa nyingi, na kwenye ukali ule chuma kinajivika utando mwembamba usioonekana unaokizuia kutu. Jasi haina ukali wowote, iko katikati kama maji ya kunywa, alafu ina salfeti (chumvi iliyo ndani ya jasi yenyewe) na ina vitundu vya kupitisha unyevu. Kwa hiyo msumari ndani ya jasi uko peke yake.

Chokaa asilimia chache au ule mchanganyiko wa watatu vinaongeza ukali, vinasaidia, ila usitegemee kama zege. Kwanza pozolana kazi yake ni kula chokaa, yani kadiri unavyozuia nyufa ndivo unavyopunguza kinga ya chuma, huwezi kupata vyote. Na chokaa iliyo karibu na uso inakutana na hewa inageuka polepole kuwa jiwe la chokaa, ukali unaisha. Mimi natumia misumari na skrubu zilizopakwa zinki, waya kadhalika, na kwenye mapambo nimeacha waya kabisa natumia nyuzi za katani au za kioo zilizokatwakatwa. Kwa madoa yaliyokwisha kutoka, kwangua mpaka uone kichwa cha msumari, msugue, mpake rangi ya kuzuia kutu, ndo uzibe juu. Ukipaka nyeupe juu ya doa litarudi kabla ya mvua zinazofuata kuisha.